Arusha na Moshi: nimelala kote kuwili, tuambizane ukweli

Kosta ya Mwisho (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Kila baada ya wiki mbili tatu anatokea mtu kuuliza, "Nahamia kaskazini, nikae Arusha au Moshi?" Majibu ni yale yale: Arusha kuna hela, Moshi kuna usafi, Arusha baridi, Moshi joto, kwisha habari. Nimechoka. Nimekaa Arusha miaka tisa, Sakina minne na Moshono mitano. Mwaka 2021 kazi ikanishusha Moshi, nipo Rau mpaka leo. Sina upande. Kwetu ni Iramba, Singida, kwa hiyo wale wa "huyu anatetea kwao" watafute jiwe lingine.

Na kabla hamjaanza: najua Moshi si jiji, ni manispaa. Sensa ya 2022 Arusha ilivuka watu laki sita, Moshi laki mbili na ushee. Lakini ukikaa mmoja, mwingine haukuachi. Ama umetokea huko, ama una shemeji huko, ama ndege yako inatua KIA, ule uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, pale katikati.

Sasa twende. Ukitaka kuielewa Moshi nenda stendi saa kumi na mbili jioni, kaa kwenye benchi, nunua karanga, angalia. Haisi za Machame, Kibosho, Uru, Marangu, zimepanga foleni, makonda wanaita. Mama ana mkate, nusu kilo ya nyama kwenye gazeti na dumu la mafuta ya taa. Mzee mwenye koti na faili la ofisi kabanwa katikati ya ndoo mbili na hana wasiwasi, hiyo ni kila siku yake. Kondakta anasema "wawili wa mwisho" kwa mara ya sita. Wanaita "kupanda". Mtu hakwambii anaenda nyumbani, anakwambia "napanda". Ikifika saa mbili usiku mtaa wa maduka unasikia viatu vyako mwenyewe.

Hiyo ndiyo Moshi. Wengi wanaoutumia mji ule kwao si pale, kwao ni kwenye kihamba, juu huko, migomba na kahawa na kaburi la babu. Na mji ulizaliwa hivyo hivyo. Moshi ya kwanza iko mlimani, ndiyo hiyo bado inaitwa Old Moshi. Reli kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 mji ukashuka kuifuata stesheni. Kisha kahawa: wakulima wakaunda chama chao, KNPA, mwaka 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika wao, ikafuata 1933. Mtu alikuwa anashuka na gunia, anapokea chake, ananunua sukari na bati, anapanda. Karibu miaka mia imepita, gunia limekuwa begi la kompyuta, lakini safari ni ile ile.

Ukilishika hilo mengine yanajieleza. Usafi wa Moshi, kwa mfano. Kuna vibao vya faini, sawa, lakini mimi aliyenifundisha adabu si kibao. Wiki yangu ya kwanza nilidondosha karatasi ya karanga pale karibu na soko kuu. Bibi mmoja anauza parachichi akaniita, taratibu kabisa, "Baba, umeangusha kitu chako." Nikadhani pesa. Nikarudi mbio. Akanionyesha karatasi kwa kidole. Wateja wake wawili wananiangalia. Nimeokota, na tangu siku hiyo natembea na takataka mfukoni mpaka mke wangu ananilalamikia kwenye kufua. Mji ule watu wanakaa nao kama mtu anavyokaa ofisini kwa watu: unakunja shati, huweki miguu mezani.

Arusha ni kinyume. Waarusha na Wameru wapo na ardhi ni ya kwao, lakini mjini pale ukiuliza daladala nzima "nani kazaliwa hapa?" utapata mikono mitatu. Reli ilifika Arusha mwaka 1929 tu. Wakaja Wahindi, Wasomali, Wapare, Warangi, Wairaqw, Wanyaturu, na Wachaga hao hao waliokosa nafasi kihambani. Halafu wakaja wa suti: Jumuiya ya Afrika Mashariki, kituo cha mikutano cha AICC, mahakama ya mauaji ya Rwanda iliyokaa miaka ishirini, Mahakama ya Afrika. Wote tumekuja kutafuta, na Jumamosi hatuna pa kupanda. Kwa hiyo tunakaa. Ndiyo maana saa tatu usiku Sakina moshi wa mishkaki umetanda barabarani, bodaboda wanabishana mpira, duka la dawa liko wazi, na spika ya kanisa inashindana na ya baa. Kelele, ndiyo. Ila ni kelele ya watu waliopo.

Na ndiyo maana Arusha unapata marafiki haraka. Moshono wiki ya pili jirani alikuja kuazima ngazi, mwezi wa tatu tuko kikoba kimoja, mwaka wa kwanza kanidhamini mkopo. Moshi nilisalimiwa vizuri sana mwaka mmoja na nusu bila mtu kunikaribisha ndani. Nikajua ni roho mbaya. Kumbe ndani kwao si pale! Desemba ikafika, mwenzangu wa kazini akasema, "Mangi, tarehe 25 unapanda na sisi." Nikapanda na familia mpaka Kibosho, nikakuta ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma), mbege (pombe ya ndizi), mtori, wajomba arobaini wametoka Dar, na nikapewa kiti karibu na mzee. Tangu hapo mimi ni mtu wa nyumba ile. Kwa hiyo anayelalamika Wachaga hawana ukaribu, swali langu ni moja: ulimsubiri mpaka Desemba?

Maji. Hapa nitakaa kidogo maana wazazi wenye watoto wadogo wanahitaji kujua. Volkano ya Meru ina floraidi nyingi, na maji ya baadhi ya chemchemi na visima vya Arusha na Arumeru yanazidi mbali kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita cha Shirika la Afya Duniani. Ndiyo yale meno ya kahawia. Binti yangu amekulia Arusha, tulikuwa tunatumia kisima cha jirani. Alipoanza shule Moshi, siku ya kwanza mwalimu kamwangalia anavyocheka, akamuuliza, "Wewe wa Arusha eeh?" Mtoto karudi nyumbani anaongea kaziba mdomo kwa kiganja. Iliniuma, wakuu. Mimi nilikuwa najisifu nachemsha maji! Kuchemsha hakuondoi floraidi, maji yanapungua yenyewe inabaki. Wala mswaki hauitoi, maana doa liliingia jino likiwa bado linajijenga ndani ya fizi. Pale Ngurdoto walifanya utafiti wa chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na hilo linafanya kazi, ila lazima mkaa ubadilishwe kwa wakati. Ukihamia Arusha na mtoto chini ya miaka minane, kabla hujauliza kodi ya nyumba uliza maji yanatoka wapi. Mradi mkubwa wa maji wa bilioni 520 umebadilisha mengi, lakini kisima cha jirani bado kipo na bado ni cha bure. Moshi maji ya bomba nakunywa na sina hadithi ya kusimulia.

Hali ya hewa haina ubishi. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, Julai unalala na blanketi mbili. Moshi iko chini sana ya hapo, Februari feni inapuliza joto. Atakayekwambia "Moshi iko mlimani kuna baridi" hajawahi kulala Pasua.

Kodi: Arusha mwenye nyumba wangu wa Moshono alizoea kupangisha kwa dola kwa watu wa mahakama ile ya Rwanda. Ilipofunga Desemba 2015 nyumba yake ya pili ilikaa tupu karibu mwaka, na bado hakushusha. Kwa kodi ya chumba na sebule Sakina, Rau napata nyumba nzima yenye uzio na mparachichi. Lakini mshahara wa Moshi nao umekaa kwa ukubwa wa parachichi.

Naomba tusiingie siasa, uzi utafungwa. Karibuni.

Siti ya Dirishani

Nimekaa mbele, kahawa mkononi. Wenye miji yao waje.

Binti Kilombero

Mimi ndiye mmoja wa ile mikono mitatu. Nimezaliwa Ngarenaro, nauza mitumba soko la Kilombero hapa Arusha mwaka wa kumi na moja.

Mleta uzi umeandika kama mpangaji, siyo kama mfanyabiashara. Moshi naenda mara mbili kwa mwezi, Memorial na Kiboriloni, kununua mzigo. Nikwambie kitu: Moshi mtu anajua bei. Nguo ikiwa elfu tano ni elfu tano, ukilia atakupa pole na bei haishuki. Mangi hakopeshi hata ukija na mchungaji. Arusha nauza sweta lile lile kwa bei tatu tofauti asubuhi moja, kwa chalii wa chuo, kwa mama wa Njiro, na kwa mzungu anayekwenda Meru kasahau baridi. Ndiyo maana nanunua Moshi nauza Arusha. Sijawahi kusikia aliyefanya kinyume akajenga.

Na usiwatishe watu na kelele. Kelele hiyo ndiyo inanirudisha nyumbani saa nne usiku na hela mfukoni bila woga, kila kona kuna mtu anachoma mahindi. Hiyo mitaa yenu ya "unasikia viatu vyako" mimi mwanamke sipiti.

Meno ya kahawia ninayo. Nacheka vizuri tu. Mwambie binti yako shangazi yake wa Kilombero anamsalimia.

Kosta ya Mwisho

Dada, salamu nimempa. Kauliza, "Na yeye ana bwana?" Nikamwambia afunge mdomo, safari hii kwa sababu nyingine.

Hilo la kupita usiku umenizidi. Mimi mwanaume natembea nasikia viatu nafurahia utulivu.

Njoro Damu

Mleta uzi unaandika vizuri lakini umetufuta wengine kama chaki.

Babu yangu alikuja Moshi na kazi ya reli akitokea Kondoa. Baba kazaliwa hapa, mimi nimezaliwa hapa, wanangu pia. Hatuna kihamba, hatuna mgomba, hatuna pa kupanda. Babu kalala hapa hapa mjini na sisi tutalala hapa. Njoro, Majengo, Bondeni, Pasua, tupo maelfu: Wapare, Warangi, Wazigua, Wachaga pia walioshuka zamani wakasilimu. Desemba 25 hao wenzako wakipanda, sisi ndio tunaobaki na funguo.

Saa mbili usiku ulikuwa umesimama mtaa wa maduka, ndugu yangu. Ungetembea dakika kumi uje Majengo ukute mihogo ya kukaanga, kahawa chungu na kashata, wazee wanacheza bao mpaka saa tano. Ramadhani ndiyo usiseme. Hakuna aliyekwambia kwa sababu rafiki zako wa ofisini nao hawajui, wameshapanda.

Na hilo la usafi. Bibi wa parachichi sawa, mzuri. Lakini saa kumi na moja alfajiri, kabla haisi ya kwanza haijashuka kutoka Uru, akina mama wa huku kwetu wameshafagia mji mzima. Wifi yangu ni mmoja wao, mgongo umeisha. Wanaokuja kama ofisini wanakuta ofisi imeshafagiliwa.

Kosta ya Mwisho

Hapo nimekamatwa, kiongozi. Miaka minne nakaa Rau, Majengo nimepita na bodaboda tu kwenda kutengeneza feni. Hoja ya kihamba siiachi, ila naipunguza: ni Moshi ya mchana niliyoiandika. Ya usiku umeiandika wewe. Shikamoo kwa wifi, na nitakuja kwenye kashata.

Ndizi Mshale

Mimi wa Marangu, nakaa Arusha, kwa hiyo nina haki ya kutukana pande zote.

Mtu asidanganywe na ndafu. Desemba Moshi hakukaliki. Nauli inapanda, gesti zimejaa, kila shemeji kaja na gari la kukodi, na kijana aliyekosa mwaka mzima anaulizwa mbele ya ukoo "wewe umefanya nini?" Watani wetu wanasema tunakwenda kuhesabiwa. Kweli tunahesabiwa, na mhesabuji ni mama mkubwa, ana daftari kichwani. Mimi Arusha nilikimbilia kwa sababu ya hiyo. Sakina hakuna anayejua nina miaka thelathini na nane sijajenga. Huo ndio utamu wa mji wa wageni, mleta uzi hukuugusa.

Mgumu Mstaafu

Nimebeba mizigo Kilimanjaro misimu kumi na minne, Machame, Marangu, Lemosho, zote. Watu wanadhani mlima ni wa Moshi na mbuga ni za Arusha. Kwenye ramani sawa. Kwenye malipo, kampuni nyingi zilizonilipa ofisi zao zilikuwa Arusha. Mteja anatua KIA, analala Arusha, anakuja Moshi kupanda, anarudi Arusha kwenda Ngorongoro. Moshi anaacha jasho na soksi.

Lakini Aprili na Mei mvua za masika zikishuka, miji yote miwili inafanana. Arusha madereva wa safari wamepaki, wanaosha gari safi lile lile. Moshi sisi wagumu, wabeba mizigo wa mlimani, tunacheza drafti. Mwaka 2020 corona ilipofunga anga ndiyo nilijua tofauti. Wenzangu wa Arusha wa vyumba vya kupanga waliuza mpaka viatu vya mlima. Mimi nilipanda kwa mama Uru, nikala ndizi miezi saba. Hakuna nyama, lakini hakuna aliyenidai kodi. Njoro Damu ana haki kulalamika hana pa kupanda, siku kama zile ndiyo linaonekana.

Njoro Damu

Sisi tulikula mchele wa shambani Mabogini, tena kwa mkopo. Mbu wa yale majaruba walitudai kila usiku.

Mpya Mjini

Wakuu, nimesoma wote. Nimepata kazi KIA, naanza mwezi ujao, zamu za usiku zipo. Nina mke na mtoto wa miaka mitatu. Nikae upande upi? Sina gari.

Binti Kilombero

Arusha. Mkeo atapata cha kufanya wiki ya kwanza. Kaa Usa River kama nauli inakusumbua.

Kosta ya Mwisho

Mtoto wa miaka mitatu, mimi nasema Moshi, sababu nimeshaandika. Tena KIA iko karibu kidogo na Moshi kuliko Arusha. Kutoka Sakina mpaka Tengeru ni njia nne, unateleza. Baada ya Tengeru barabara inarudi ile ile ya zamani, malori, matuta, trafiki, na kosta inayosimama kila penye mti. Ukitoka zamu saa nne usiku nani anakungoja barabarani?

Ndizi Mshale

Kaa Bomang'ombe. Hakuna atakayekuhesabu.

Mgumu Mstaafu

Naunga mkono. Boma unafika KIA hata kwa bodaboda, Jumamosi unachagua kosta ya kushoto au ya kulia. Ila upepo wa ile tambarare mwezi wa tisa unaingiza vumbi mpaka kwenye chai iliyofunikwa.

Mpya Mjini

Nashukuru sana wakuu. Mke kasoma uzi wote, kasema anataka Arusha kwa biashara na maji ya Moshi. Jumamosi naenda kuangalia vyumba Boma. Kuna mwenye namba ya dalali asiyetoza hela ya kuonyesha?

Siti ya Dirishani

Dalali wa hivyo hajazaliwa, si Arusha wala Moshi.